Kitabu cha Matukio

Saa nne usiku. Lango kuu, Lavington.
Hakuna tukio.
Baridi ya Julai inapenya koti la kampuni.
Nafungua daftari lile jingine,
la kurasa arobaini na nane,
ninamoandika ngozi ya binti yangu.

Syombua hanipigii simu, hunibipu:
mlio mmoja, mtoto kalala;
miwili, anajikuna.

Jumatatu: miwili, saa saba. Miwili, saa tisa.
Nilipofika Kawangware asubuhi
shuka lilikuwa na vitone vya damu.
Viwiko kwa ndani. Nyuma ya magoti.
Jumanne: sweta ya shule, ile ya sufi.
Jumatano: sabuni ya mche ya kufulia,
maana ndiyo iliyobaki.

Pale bombani Mama Kerubo akasema
asiwe anachota maji kando ya wanawe.
Mutheu. Kwetu Ukambani jina hilo maana yake ni safi.
Nilimsugua kwa jiwe ili atakate.
Liandikwe na hilo.
Na krimu ya River Road, isiyo na jina la mtengenezaji:
siku tatu ngozi ililala kama mlevi,
ya nne ikaamka na deni.

Daktari Halake aliniuliza kwanza kazi yangu.
Askari wa lango, nikasema.
"Basi utanielewa. Ngozi ni ukuta.
Wa huyu, saruji yake haba tangu tumboni.
Unyevu unatoroka, vumbi linaingia,
na mlinzi wa ndani, akiona nyufa,
anapiga king'ora usiku kucha.
Kuna mwenye pumu kwenu?"
Nikamkumbuka mama,
aliyelala ameketi miaka yote.
"Basi ni ukurutu. Una mizizi ya ukoo,
si uchafu, wala hauambukizi.
Mwambie na huyo jirani."

Nikamuuliza habari ya Kyalo, mdogo wake:
Jumapili alikula karanga,
na kabla hajameza za mwisho
mwili ukafura mabaka kama aliyepita kwenye upupu.
Jioni hapakuwa na alama,
nikadhani macho yangu yamechoka.
"Huyo ukuta wake ni mzima," daktari akasema,
"mlinzi ndiye mwoga:
kamwona muuza mayai, kapuliza firimbi ya jambazi."
Nikacheka, kwa aibu.
Mwezi wa tatu nilimpulizia fundi wa mabomba.
"Si karanga tu: dawa, nyuki, hata homa.
Mara nyingine hatujui ni nini.
Andika alichokula, alichoguswa nacho, na saa.
Lakini midomo ikivimba, pumzi ikikwama,
usiandike kitu. Mkimbize hospitali."

Sasa nikitoka zamu sivui hata buti.
Maji ya vuguvugu, beseni moja, hatukawii.
Simsugui. Namkausha kwa kumgusagusa,
kama mtu anayepangusa kioo cha taa,
na kabla unyevu haujakauka, mafuta mazito
yasiyo na harufu, hadi kati ya vidole.
Dawa ya daktari mahali palipowaka tu,
kwa siku alizotaja.
Fulana ya pamba chini ya ile sweta.
Kucha namkata Jumamosi; hunihesabia vidole
asije akaruka mmoja.

Hautaisha, alinionya. Utatulia, utarudi,
labda utamwacha akikua, labda hapana.
Juzi Githurai walichoma takataka,
au ni mtihani wa hesabu, sijui:
milioni miwili, miwili, miwili.
Nimeandika yote mawili na alama ya kuuliza.

Saa tisa na robo. Gari la namba kumi na moja limeingia.
Mbwa wa jirani. Umande juu ya seng'enge.
Ukuta huu wa watu nauzunguka mara kumi kwa usiku,
naupapasa kwa tochi,
huku ule wangu uko kule, umelala au haujalala.

Simu inawaka kiganjani. Mlio mmoja.
Nangoja wa pili.
Nangoja.