Yadi ya Ngong Road

Vigari viwili, bega kwa bega:
chekundu kinanguruma kama mdai,
cha kijani kimya, mkanda wake umeshonwa kwa mkono.

Mutinda anakizunguka chekundu mara ya nne,
anapiga tairi teke, kama ajuaye.
Mimi nimekuja na futikamba na mtungi wa lita ishirini.
Napima: mtungi, mtoto, mtungi, mtoto.
Kwenye chekundu, Kasyoka anabaki nje.

"Lakini mlimani, mama watoto..."
Mlima gani? Ruai ni tope tupu.

Mavyaa hajatamka neno.
Goti bovu, kidato cha chini:
amepanda cha kijani, akakaa, akafunga mkanda.

Muuzaji anauliza mnunuzi ni nani.
Mavyaa anafungua pindo la leso.
"Andika Syombua. Na ufunguo nipe mimi."