Uzito wa Gari Tupu

Jumamosi kwetu huanza na taka.
Verlyn hupakia pikapu kabla umande haujakauka:
godoro lililokojolewa na watoto wawili kwa zamu,
mabati ya banda la kuku lililolemewa na theluji ya Machi,
friji iliyokufa, mlango wake umefungwa
kwa kamba ya marobota ya nyasi.
"Nani anakuja?" huuliza, kana kwamba hajui.
Twende wote. Sinema ya mjini ilifungwa zamani,
na jalala la kaunti nalo ni matembezi.

LaVonne, mama yake, alikuwa akikaa mbele,
mkoba mapajani, midomo amepaka rangi.
"Huwezi kujua utakutana na nani," alisema,
na kweli siku moja tulimkuta mchungaji
akitupa kinanda.

Njia ni ya changarawe.
Mahindi yanafika magotini, soya bado zinajishauri.
Kila gari tukipishana nalo Verlyn huinua kidole
juu ya usukani, kimoja tu,
na mwenzake humrudishia kimoja.
Hiyo ndiyo salamu, na hali ya mgonjwa,
na pole ya mvua ya mawe.

Getini kuna mizani iliyozikwa ardhini.
Unaipanda na gari na vyote ulivyobeba,
Marvella kibandani anaandika.
Unaenda, unatupa, unarudi, unapimwa tena,
unalipia tofauti.
*Limejaa, ratili 7,260.
Tupu, ratili 6,480.*

Tupu!
Nasi watano tumo ndani,
Dietz anampiga dada yake kiwiko,
LaVonne anatafuna vidonge vya kiungulia,
mimi nanuka godoro.

Risiti zile sijawahi kuzitupa.
Zimo kwenye droo ya jikoni
pamoja na betri ambazo sijui kama zingali hai.
Januari hii, barabara zimefungwa na theluji,
nilizipanga mezani kwa tarehe.
Gari ni lile lile. Verlyn ni yule yule,
ukiacha tundu jipya la mkanda.
Lakini ile "tupu" ilikuwa ikipanda,
ratili ishirini, tena ishirini,
haba na haba, kama mtu ajazaye kibaba
gizani, asitake kusikika.
Yalikuwa maziwa hayo. Ilikuwa mikate.
Zilikuwa suruali zilizofupika mwezi mmoja tu baada ya kununuliwa.

Kisha Oktoba ya mwaka juzi, ikashuka.
Ratili mia na ishirini, kwa mkupuo.
Sikuhitaji kusoma tarehe.
Mkoba nao umo kwenye hesabu.

Nilizirudisha. Sikumwambia mtu.

Leo anaendesha Annika, ana leseni ya mwanafunzi,
shingo imemkakamaa kama mti wa uzio.
Nyuma tuna mazulia na masinki mawili,
na chini yake, magunia matatu ya chumvi
ya kulainisha maji ya kisima chetu,
ratili arobaini kila moja.
"Mbona hukuishusha nyumbani?"
"Nimesahau," Verlyn akasema,
yeye ambaye hajawahi kusahau hata koleo.
Tukatupa mazulia. Tukatupa masinki.
Chumvi ikabaki.
Marvella akaandika namba,
Verlyn akaitazama kitambo,
akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

Tulipita dirisha la aiskrimu, lile la kandokando ya mnara wa maji.
Dietz alimwaga yake kwenye kiti na hakuna aliyemgombeza.
Kurudi, trekta likaja mbele yetu,
na Annika, macho barabarani, mikono miwili imeng'ang'ania,
akainua kidole.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni.
Mawingu yanajikusanya upande wa Nebraska,
kuku wameshaingia.
Magunia yamo bado nyuma ya pikapu, hayajafunikwa,
na mimi na Verlyn tumekaa ngazini
tukiyatazama,
kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke.