Sentimita Kumi na Saba

Kanuni zilitoka Lima kwa bahasha ya kaki,
zimegongwa muhuri:
upana wa mchoro usizidi sentimita themanini.
Yanet alikuwa ameshamaliza.

Alichora juu ya ubao wa kitanda changu cha utotoni,
kwa udongo alioukwangua kingoni mwa shimo la mgodi,
mwekundu wa kutu, manjano ya nyongo,
na kijivu fulani ambacho hata mwalimu hakukijua jina.
Akaukoroga kwa viini vya mayai
ambayo Mama aliyahesabu kila asubuhi,
na kila asubuhi hesabu ikamkataa.

Ni jikoni kwetu, saa kumi alfajiri.
Dirisha limeingia ukungu wa pumzi.
Mama ameinama juu ya meza,
anamnyooshea mtu mkate.
Mtu huyo ni mimi,
kofia ya mgodi magotini, kiganja wazi,
sikio la kushoto limechomoza kama mkono wa kikombe.
Ndivyo lilivyo. Yanet hajui kudanganya kwa brashi.

Tukapima kwa futi ya fundi Wilmer.
Tukapima tena, maana futi ya fundi Wilmer imekatika ncha.
Tisini na saba.

"Nitawaandikia," alisema Mwalimu Teodosio,
"kumi na saba si kitu."
Hakuandika. Zilibaki siku nne,
na barabara ya bondeni ilikuwa chini ya matope.

Yanet alikaa mbele ya ubao hadi supu ikaganda mafuta.
Kisha akaniuliza, bila kugeuka:
"Rusbel, nimkate Mama, au nikukate wewe?"

Swali gani hilo.
Nikauchukua msumeno mwenyewe.

Nilianzia juu, penye moshi, nikashuka taratibu.
Meno yakapita kati ya mkate na kiganja.
Yanet alikuwa ameshika upande wa Mama.
Wangu haukuwa na wa kuushika,
ukaanguka sakafuni, kifudifudi.

Miezi miwili. Simu ikalia shuleni:
wa pili, nchi nzima.

Tulishuka usiku kucha kwa basi, masikio yakiziba na kuzibuka.
Lima haina baridi, ina unyevu tu,
kama nguo iliyoanuliwa kabla ya wakati.
Ukumbini, watoto wa sekondari wa kila pembe,
shingo zimekazwa na kola mpya,
kila mmoja kasimama chini ya picha yake kama mwenye duka.

Jaji alishika kipaza sauti.
"Tazameni ujasiri huu! Mkate ananyooshewa asiyekuwepo.
Ni nani? Mume? Taifa?
Msanii ametuachia pengo."
Makofi.
Yanet akakagua viatu vyake.

Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu.
Mbona langu lilikuwepo?
Mkate ule ni wangu, wa jana yake, mkavu,
una alama ya kidole gumba cha Mama,
na nilikuwa hatua sita kutoka hapo
na njaa ya safari.

Mama alinivuta mkono, akauliza kwa Kikechua:
"Wewe wamekuweka wapi?"
"Nyumbani, Mama. Mlangoni. Nimezibia upenyo wa upepo."
Akafikiri.
"Ah," akasema, "ndiyo maana siku hizi miguu hainigandi."

Watu walipokwenda kwenye juisi na biskuti
nikasogea kuliani mwa picha,
bega kwenye ukingo wake,
nikageuza uso, nikatoa sikio,
nikakunjua kiganja.
Yanet akacheka. Tangu siku ya msumeno
sikuwa nimemsikia akicheka.

Mlinzi akaja na funguo zake zikilia:
"Kijana, usiegemee ukuta."
"Lakini hapa hapana kitu, mzee."
"Najua hapana kitu," akasema. "Usiegemee."