Oili ya Difu

Kwanza fungua kizibo cha juu, cha kujazia.
Fundi Shaame alinifunza hivyo pale Konde,
baada ya yeye mwenyewe kumwaga oili yote ya mtu
na cha juu kikagoma, kimeshikwa na kutu,
gari ikalala juu ya mawe siku nne
na karafuu zikanyeshewa.

Basi nimelala chali juu ya gunia,
spana ya ishirini na nne, na bomba la chuma kuirefusha.
Cha juu kimelia kwii, kimekubali.
Sasa cha chini.

Nilitaraji nyeusi, nzito, yenye harufu ya yai viza.
Imeshuka nyeupe.
Chai ya maziwa, beseni zima,
na kwenye sumaku ya kizibo tope la chuma
laini kama wanja.

Mdogo wangu Mbarouk aliazima pikapu Jumatatu.
"Mpaka Wete tu, kaka. Lami mwanzo mwisho."
Wete gani hiyo yenye maji hadi ekseli?
Nimeonja kwa ncha ya ulimi, Mungu anisamehe:
chumvi.

Nimejaza mpya, polepole,
mpaka ikachuruzika yenyewe tundu la juu, ikasema basi.
Simu sikupiga.
Beseni nimeliacha barazani, pale pale anapovulia viatu.

Magharibi kaja. Kaliona, kaliruka.
Kauliza habari za watoto.
Kisha: "Kesho nakuomba tena ufunguo."
"Chukua," nikamwambia. "Uje na lita mbili na nusu."