Reli Isiyolazwa

Kigingi cha kwanza kiko Mokowe, nyuma ya choo cha gati,
saruji kimo cha goti, nambari kwa rangi nyekundu,
na mwandiko ule ni wa baba:
moja yake imeinama kidogo, kama inasikiliza.

Wapimaji walimchukua kibarua mwaka wa mvua nyingi.
Alibeba mkebe na burashi, akatembea hadi Malindi
akiipa nambari reli itakayokuja.
Aliporudi Lamu, mtaa mzima ukamwita Bwana Stesheni.
Alicheka. Miaka ilipozidi, akaacha kucheka.

Sasa ni mimi na Famau, mtoto wa khalati,
baiskeli mbili, moja breki zake ni ndara zangu.
Buibui nimelikunja, nimelifunga kiunoni.
Mchukuzi mmoja gatini akaguna;
nikamtolea salamu, akaitika, yakaisha.

Siku ya kwanza, Hindi. Kigingi cha kumi na tisa
kimefungiwa mbuzi. Mama Njambi katoka na jembe:
"Reli? Reli yangu ndiyo hii," akamwonyesha mbuzi,
"inamaliza mahindi na haifiki popote."
Akatupa muhogo wa kuchoma, na chumvi kwenye jani.

Siku ya pili, mchanga.
Mchanga unalikataa gurudumu kama mtoto anavyokataa dawa,
unafumba, unageuza uso.
Tukasukuma. Mbung'o wakapenya nguo.
Njia iliyofyekwa na wapimaji, mikoma imeichukua tena
bila kumwomba mtu ruhusa.
Tairi la Famau lilipasuka mara tatu kabla ya Witu,
na kiraka cha mwisho tulikikata kwenye ndara,
kwa hiyo breki ikabaki moja.

Usiku, kwa tochi, nikafungua daftari la baba:
87. Mai hapa, matamu.
88. Nyayo za nyati. Tumengoja.
89. Yeo mwanangu ametimiza mwaka.

Mwana ni mimi.
Asubuhi nikakitafuta. Kimezama nusu, ukoka umekivaa.
Nikaketi juu yake, nikakaa.
Famau akajitia kupuliza tairi
ambalo lilikuwa limejaa.

Siku ya tatu sina maneno nayo. Garsen. Jua.
Mchungaji wa Kiorma alitupa maziwa yenye harufu ya moshi
wala hakuuliza tunakwenda wapi.

Siku ya nne tulipata lami, na malori,
na chumvi ya Gongoni imelundikwa nyeupe kando ya barabara
hata midomo iliyopasuka ikaiona kabla ya macho.

Malindi tuliingia saa kumi alasiri.
Kigingi cha mwisho, mia mbili na sita,
kimo ndani ya banda la mitumba;
muuzaji amekitandikia leso, anakikalia.
Nikamwomba anyanyuke kidogo.
Ipo. Sita yake imeinama.

"Mnatafuta nini, dada?"
"Stesheni."
Akatazama kulia, akatazama kushoto, kwa adabu,
kama mtu anayehofu kwamba miaka yote hii
ameipita kila siku bila kuiona.

Famau akapiga kengele, mara mbili.
Mimi nikaomba kalamu ya kuandikia bei,
na chini ya mstari wa mwisho wa baba nikaandika:
206. Tumefika. Hatukuchelewa.