Mgeni wa Barabara ya Kumi na Tisa

Alikuja kwa pikipiki, ndani ya gunia la mkonge,
kichwa tu nje, kama mtu anayechungulia msiba.
Bwana mifugo alimtoa Pongwe, kwenye machimbo ya mawe,
shingoni waya, na chini ya waya
mstari wa ngozi usioota tena manyoya.
"Keshachanjwa," akasema, akanipa kadi.
Mahali pa jina palikuwa wazi.

Semkiwa, miaka saba, akamwita Mgeni.
Tukacheka, maana methali tunaijua:
mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ya tatu hatukumpa. Alijipa mwenyewe,
akafukua mchicha wote hadi ukutani,
akalala shimoni, tumbo kwenye ubaridi,
kama aliyelipia kodi.

Niliandika sheria kwa chaki mlangoni:
Akila, usimguse. Akilala, usimguse.
Tabea, miaka mitatu, hajui kusoma.
Jumapili alishika ufagio wa chelewa
acheze kufagia,
na Mgeni akanguruma
kwa sauti iliyotoka mbali kuliko yeye.

"Kesho arudi," mke wangu akasema.
Mimi kwa hofu ya meno sikuwa na neno.
Kisha tukaona: mtoto hakumtazama kabisa.
Alitazama ufagio.
Mkojo ulikuwa umemtoka sakafuni.

Usiku ule ufagio ulihamia juu ya kabati.
Wiki nzima tulifagia kwa tambara, tumeinama,
nyumba nzima, kama watu waliodondosha shilingi.

Bi Mwanaisha wa ukuta wa pili alishasema,
bila ugomvi: "Udhu wangu, jirani. Asivuke msingi."
Tukaweka ubao. Mgeni akauheshimu kuliko watoto.
Ijumaa moja nikakuta juu ya ubao
vichwa vya vibua kwenye kifuniko cha ndoo.
Nilipomshukuru, akanikata: "Mimi? Paka hao."
Paka wa mtaa huu hawajawahi kugawa samaki.

Sasa Tabea humsomea sheria kila asubuhi,
kidole kwenye chaki, zote za kubuni:
"Usimwite koko. Usimrudishe Pongwe."
Naye husikiliza, sikio moja limesimama,
lile lililochanika limelala.

Jana ufagio ulianguka wenyewe kutoka kabatini.
Alitoka. Akakaa chini ya mpapai mpaka magharibi.
Hatukumwita.
Tabea alimfuata, akakaa hatua nne mbali,
akampa mgongo, akaanza kuchimba.