Nane kwa Nane

Tuliondoka Salala alfajiri, tukaukwea mlima,
minazi nyuma yetu, ndizi na mapapai kwenye vibanda vya njiani,
manyunyu yakianguka kama yaliyopitishwa kwenye chekecheke.
Nikasema: hii ni Lushoto, wameihamisha usiku.
Shekiondo akacheka. Wakati huo bado tulikuwa tunachekeana.

Kisha mlima ukaisha na ukungu ukaisha nao,
palepale, kama kanga iliyopitiwa na mkasi:
huku kijani,
huku hakuna.

Hakuna. Sijui nilieleze vipi zaidi.
Kerala tulilala uani kwa muuza nyuzi,
Sri Lanka mbwa alitufuata siku mbili hadi tukampa jina,
kila tulipopita palikuwa na jani, na mtu, na kelele.
Hapa malori, na upepo wa malori,
na mstari mweupe wa lami usio na haja nasi.

Mimi nilitaka njia ya pwani.
Nilisema Salala. Nilisema Thumrait.
Nilisema mara ya tatu nikiwa nafunga begi,
naye akakunja ramani kama mtu anayefunga duka.

Basi sikusema tena.
Siku tatu nilimfuata nimemkazia macho mgongoni,
nikamtungia ubeti, nikipima mizani kwa pedali,
mguu wa kulia, mguu wa kushoto, nane kwa nane:

*Mgongo nakutazama, shati lako lina chumvi,*
*njia uliyoisema imezaa tu ugomvi,*
*hata ukirudi nyuma, sitasema hadi mvi,*
*hema moja si salama kwa mgomvi na mgomvi.*

Ulinipendeza. Niliurudia mpaka ukanichosha.

Haima ni msikiti, vituo vya mafuta, na barabara inayopita bila kuaga.
Hapo tairi lake la nyuma likatoa pumzi.
Shekiondo akalitukana kwa Kisambaa, kisha kwa Kiswahili,
na fundi wa matairi, Zahran, akainua kichwa,
kanzu ameipandisha magotini, mikono myeusi kwa grisi.

"Kiswahili najua," akasema. "Cha jikoni. Mama kazaliwa Ujiji."
Akakimwaga chote mbele yetu, kama mtoto na mfuko wa gololi:
Kula. Lala. Funga mlango. Usiguse, moto.
Nyamaza. Utachapwa. Njoo, mwanangu.
Neno la kutaja bei hakuwa nalo, ikabidi atumie vidole.
Mvi zimeshamwingia ndevuni,
na katika lugha yetu ana miaka sita.

Mchana akaleta sinia: wali, papa mkavu, ndimu,
na ukoko wa sufuria umekaa juu kama kofia.
Tukakaa pande mbili, mimi na mume wangu,
kama majirani wenye kesi ya mpaka.
Zahran akamtazama yeye. Akanitazama mimi.
Akarudi kwenye mfuko wake wa maneno,
nikaona midomo inajaribu, inaacha, inajaribu,
hata ikatoka sauti isiyo yake, ya mwanamke fulani
aliyesimama na mwiko, zamani:

"Aliyenuna hapati ukoko."

Nilicheka, punje ya wali ikapita puani.
Nililia pia, ndimu ilikuwa kali.
Shekiondo akauvunja ule ukoko,
pande kubwa akalisukuma upande wangu wa sinia.
Hakusema samahani.
Na mimi ubeti sikumsomea.

Usiku tulipiga hema nyuma ya rundo la matairi,
harufu ya mpira, jenereta likikohoa.
Gizani nikajaribu kuugeuza ule mstari wa mwisho,
hema moja, hema moja,
kila nikiupindua unagoma kwenye saba.

"Unahesabu nini na vidole?" akauliza.
Nilidhani kalala.
"Kilomita."
"Zimebaki ngapi?"
"Imepungua moja," nikamwambia.